Ushahidi wa Mkunga

"Fungua mdomo, Mama Tunu. Fungua kama unayetaka kumtukana mwenye nyumba."

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni mwa kliniki, uso ameuelekeza mashariki, shavu la kulia limevimba hata jicho la upande huo limekuwa dogo. Nesi Mektilda alipiga goti mbele yake, mkononi ana kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Tochi ya kliniki ilikuwepo, imetundikwa ukutani, lakini betri hazikuwa zimeonekana mjini Babati tangu mwezi wa tatu. Kwa hiyo alilipokea jua kwa kioo, akaligeuza taratibu, na doa la mwanga likapita kwenye kidevu cha Sabaha, likatetemeka juu ya mdomo wa chini, kisha likaingia ndani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuuzuia mlango, maana upepo unaoshuka kutoka Mlima Kwaraa asubuhi za baridi ulikuwa ukiusukuma, na kila uliposogea, kivuli kilituzimia taa yetu.

"Mwalimu," nesi aliniambia bila kugeuka, "ukitaka kufumba macho, fumba. Mlango tu ndio usiufunge."

Sikufumba. Nilikuwa nimeishi na Sabaha miaka saba. Nilizijua hatua zake uani na kikohozi chake, na niliijua namna anavyovuta pumzi kabla ya kunipa habari nisiyoipenda. Lakini kinywa chake kwa ndani sikuwahi kukiona, na sidhani kama wako waume wengi waliowahi. Niliona fizi zilizovimba na kuiva kama zambarau, zimeyapanda meno hata yakaonekana mafupi kama ya mtoto. Niliona utando wa njano. Nyuma kabisa, upande wa kulia, taya la chini, palikuwa na jino lililotoboka, na nyama iliyolizunguka iling'aa kwa usaha. Harufu ilinifikia pale mlangoni. Ilikuwa siku ya kumi na sita ya Ramadhani, mwaka wa themanini na tatu, na mimba ya mke wangu ilikuwa imetimiza miezi saba.

"Mara ya mwisho kupiga mswaki ilikuwa lini?"

Sabaha hakumtazama aliyemuuliza. Alinitazama mimi.

"Mwanzo wa Rajabu," alisema.

Nesi Mektilda alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa nyanda za juu za Mbulu, hakuijua miezi yetu. Alinigeukia anitumie kama kalenda. Nikahesabu kwa sauti: Rajabu yote, Shaabani yote, na siku kumi na sita. "Ni miezi miwili na nusu," nilisema, na kabla sijafika mwisho wa sentensi hiyo nilikuwa nimekwisha kuelewa mke wangu alikuwa akinitazama kwa nini.

Baba yangu alikuja Babati kutoka Pangani akiwa na marobota mawili ya kaniki, akafungua duka pale Bagara. Mimi alinirudisha pwani nikiwa na umri wa miaka kumi, nikae miguuni pa masheikh, na nilipomaliza nilirejea bara na elimu mbili: ya hukumu na ya vina. Mchana nilikuwa dukani. Alasiri nilikuwa msikitini. Mwaka ule, baada ya msako wa wahujumu uchumi, dukani hapakuwa na kazi. Rafu zilibaki na vikombe vya udongo na nyuzi za kushonea, na kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi zaidi wa kufundisha kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Katika mwezi wa Rajabu nilikuwa nikiwasomesha wanawake hukumu za funga. Wao walikaa nyuma ya pazia, mimi mbele yake, na maswali yalinifikia kwa kinywa cha bibi mmoja wa Mutuka mwenye sauti kavu, kwa kuwa wengi waliona haya kuniuliza wenyewe. Siku ya pili ya mwezi tulifika kwenye mlango wa mambo yanayobatilisha funga. Nikaeleza habari ya damu: kwamba damu ya fizi ikimezwa kwa kujua, funga huharibika na mfungaji hudaiwa siku. Nikaeleza na habari ya mswaki, kwamba baada ya adhuhuri haupendezi kwa aliyefunga. Nyuma ya pazia pakawa na mnong'ono mrefu. Bibi akakohoa.

"Mwalimu, yuko mtu hapa anasema fizi zake zinatoa damu kila akizigusa. Hata akipiga mswaki usiku, inavuja mpaka alfajiri anaamka na chumvichumvi mdomoni. Afanye nini huyu?"

Swali la namna hiyo lilidai swali jingine kabla ya jibu. Ni nani huyo? Ana hali gani? Ilimwanza lini? Lakini ulimi wangu ulikuwa umezoea kupata kina kabla ya kupata maana, na jibu lilinijia likiwa limekwisha kupimwa kama mshororo.

"Akigusa atavuja," nilisema. "Basi na asiguse."

Nikasikia pumzi za kuridhika kutoka upande wa pili. Ilikuwa sentensi nzuri. Mwenyewe niliipenda, nikatembea nayo hadi nyumbani, ambako Sabaha alikuwa ametangulia kufika na anachochea moto wa futari. Alikuwa amefunga, kwa sababu alikuwa analipa siku alizoziacha zamani, alipokuwa na mimba ya Tunu na alipokuwa akimnyonyesha, na alitaka azimalize kabla ya Ramadhani kuingia. Nilijua kwamba ni mjamzito. Nilijua kwamba sheria inampa ruhusa ya kungoja, na nilimwambia hivyo mara moja, kwa upole. Akanijibu kwamba haifai mke wa mwalimu kudaiwa siku nyingi kuliko wanafunzi wa mwalimu. Nikaona fahari, nikanawa mikono, nikala.

Mtu wa nyuma ya pazia alikuwa yeye. Nyumbani angeniuliza akajibiwa na mume, naye alitaka jibu la mwalimu.

Hayo yote yalinipitia kichwani nikiwa nimeushika mlango wa kliniki, na sikujua niyaseme kwa nani. Nikayasema kwa nesi. Nilidhani atanikemea. Alikishusha kioo, mwanga ukaanguka sakafuni, akaichukua kadi ya Sabaha mezani.

"Na mimi aliniambia," alisema. "Alipokuja kupima mwezi wa tano, aliniambia fizi zinatoa damu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ni mimba hiyo, akijifungua itaisha." Akanionyesha kadi. "Angalia. Uzito. Kimo cha tumbo. Miguu. Mkojo. Damu. Kinywa hakimo. Siku ile walikuwa akina mama arobaini na watatu na mzani mmoja, Mwalimu. Nikamtazama macho, nikamtazama miguu." Akagusa mdomo wake mwenyewe kwa ncha ya kidole. "Hapa nikaruka."

Sabaha, aliyekuwa akitusikiliza tukigawana kosa kana kwamba yeye hayupo, alisema kwa taabu, "Basi mmeshamaliza kuungama? Linauma."

Nesi akacheka, nami nikacheka, na hata yeye mwenyewe akajaribu, akaligusa shavu, akaacha.

"Jino hili ling'olewe," nesi alisema, "na usaha utoke."

Sabaha alishika tumbo kwa mikono miwili. "Liking'olewa, mtoto atatoka nalo."

"Nani kakuambia?"

"Watu wote."

"Katika watu wote hao na mama yangu yumo, kule kijijini Daudi. Alilivumilia jino bovu miezi tisa mimi nikiwa tumboni. Ndiyo maana nimezaliwa na hasira." Akamshika goti. "Mama Tunu, nisikilize. Kinachomtisha mtoto ni huu usaha. Jino likitolewa na anayejua kulitoa, mtoto hatakuwa na habari."

Lakini anayejua kulitoa alikuwa Arusha. Zamani alikuja Babati mara moja kwa mwezi na koleo zake kwenye sanduku la chuma. Tangu Februari gari lililomleta lilikuwa limeegeshwa juu ya mawe, halina matairi. Nesi alinieleza jambo hilo bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mimi nimefundishwa njia anayotokea mtoto," alisema. "Njia ya jino sikufundishwa." Kabatini alikuwa na chupa mbili za dawa ya sindano zilizobaki kwa kliniki nzima. Alimchoma Sabaha moja. Ya pili akaiandika jina lake kwa kalamu, kwa ajili ya kesho, na akaniambia wazi kwamba mgonjwa kama huyu alistahili kumi.

"Kwa sasa asukutue kwa maji ya vuguvugu na chumvi, kila baada ya saa mbili. Chumvi unayo? Si wewe mwenye duka?"

"Nina vikombe vya udongo na nyuzi za kushonea."

"Basi asukutue kwa vikombe," alisema, na safari hii hakucheka mtu.

Niliitafuta chumvi mji mzima. Wenzangu wenye maduka walinifungulia milango ya nyuma wakanionyesha mitungi mitupu, wengine kwa hofu, wakidhani nimetumwa kuwapeleleza. Mwishowe nilitembea hadi Singe, kwa Herieli, mkulima wa Kilutheri niliyemuuzia shuka ya arusi yake mwenyewe. Chumvi ya kula hakuwa nayo. Alikuwa na pande la chumvi ya ng'ombe, la rangi ya udongo, limelambwa pembe zote. Alilivunja kwa shoka, akanifungia kipande kwenye jani la mgomba.

"Ng'ombe watanisamehe, Mwalimu," alisema. "Nenda upesi."

Niliichemsha mwenyewe, nikaichuja kwa kitambaa mara tatu. Ilikuwa adhuhuri. Sabaha alilitazama bakuli, asilichukue.

"Nimefunga," alisema.

"Fungua."

"Ni wewe unayesema, au ni mwalimu?"

"Ni sisi wote wawili."

Alilipokea. Alisukutua, akatema, na alichokitema nilikifunika kwa mchanga kabla hajakiona. Kisha alilia, na kilio chake hakikuwa cha maumivu. Alilia kwa sababu siku ile ilikuwa imebaki na saa sita tu, naye angeimaliza.

Jioni hiyo nilimwendea Paskali, dereva wa lori la mahindi lililokuwa limekwisha kupakiwa kwa safari ya Arusha. Alinisikiliza huku akipiga gurudumu kwa nyundo.

"Mwalimu, mahindi haya yana kibali cha kusafiri. Mkeo hana."

"Naye anahitaji kibali?"

"Wewe, siku hizi hata mimi nahitaji kibali cha kukohoa." Akasimama, akajifuta mikono. "Mlete kesho saa mbili. Vizuizini wanahesabu magunia. Watu hawawahesabu."

Tulikuwepo saa mbili. Sabaha aliwekwa juu ya magunia, mgongo ameegemea kibanda cha dereva, kichwa amekifunga kwa kanga, na nesi alikuja kwa miguu kutoka kliniki kumpa ile sindano ya pili palepale juu ya mahindi. Homa ilikuwa imepanda usiku. Shavu lilikuwa limeteremka shingoni, na maneno yake yalikuwa yakitoka yamebanwa. Lori halikuondoka. Dizeli ilihitaji sahihi, mwenye sahihi alikuwa mkutanoni, na mkutano ulikuwa wa kuzungumzia upungufu wa dizeli. Paskali alikwenda akarudi mara nne. Saa nne. Saa sita. Watu waliopita walitusalimu kwa heshima; baadhi walidhani tunahama. Nilikuwa nimesimama chini, nimeshika ubao wa lori kwa mkono mmoja na mguu wa mke wangu kwa mwingine, na nilisoma kila nilichokuwa nimekihifadhi, nikifika mwisho nikianza tena, na magunia yalikuwa palepale, na barabara ilikuwa wazi, imenyooka, haina kitu.

Saa nane na robo aliniita. Hakuniita kwa jina la mtoto kama ilivyo adabu. Aliniita "Halidi," jina langu, kwa mara ya kwanza mbele za watu. Gunia alilolikalia lilikuwa limelowa.

Tulimrudisha kliniki kwa mkokoteni wa kubebea maji, Paskali akisukuma na mimi nikivuta. Nesi Mektilda alitoka nje aliposikia magurudumu. Alilitazama tumbo, akanitazama mimi, akasema neno moja kwa Kiiraqw ambalo sikumuuliza maana yake. Kisha mlango ukafungwa, na sasa sikuwa na kazi ya kuuzuia.

Palikuwa na benchi chini ya dirisha. Nilikaa hapo. Niliswali alasiri kwenye vumbi palepale, nikarudi kukaa. Dirisha lilikuwa na pazia lakini kioo kimoja kilikuwa kimevunjika, na kila kitu nilikisikia: maji yakimiminwa, beseni likisogezwa, sauti ya nesi ikimwamuru Sabaha apumue, ikimsifu, ikimtania, ikimwamuru tena. Sauti ya Sabaha ilikuwa ngeni. Meno yalikuwa yameshikana, na uchungu ulitokea puani. Nimetunga tenzi za arusi za nusu ya mji huu, na maombolezo ya waliokufa wakiwa wameshiba miaka. Juu ya benchi lile sikuwa na neno lolote la kumsaidia mtu aliyekuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwangu. Kisha pakawa kimya. Nilikisikiliza kimya kile kwa masikio yote niliyopewa.

Alitoka amebeba kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyotazamia, na nilikuwa nimetazamia kidogo.

"Pole, Mwalimu. Ni wa kiume. Mama yuko hai."

Ningepaswa kusema alhamdulillahi kwa ajili ya mama. Nilisema baadaye. La kwanza lililonitoka lilikuwa swali la mwanafunzi wa hukumu.

"Alilia?"

"Kwa nini unauliza?"

Nami nikamweleza. Nilimweleza kwa ukamilifu, kama nilivyozoea kueleza mambo yote: kwamba kwetu mtoto aliyetoka akalia, hata mara moja, huwa ametimia kuwa mtu, huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na safu ya wanaume waliosimama, sawasawa na mzee wa miaka themanini. Asiyeonyesha uhai huoshwa na kufichwa ardhini bila ya sala. Nilipomaliza niligundua nilichokifanya. Kadhi yeyote angenifukuza barazani: nilikuwa nimemfundisha shahidi faida ya ushahidi kabla hajautoa. Zaidi ya hayo, vitabu nilivyovisoma havikumtambua shahidi mwenyewe, kwa kuwa hakuwa wa dini yetu.

Nesi Mektilda alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Alikuwa na damu hadi kwenye viwiko. Alimfunika uso, akamfunua, akamfunika tena.

"Alilia, Mwalimu," alisema. "Kidogo."

Nilikuwa nimekaa chini ya kioo kilichovunjika.

"Nimepokea," nilisema.

Asubuhi yake tulimzika. Kitambaa cha sanda kilihitaji kibali na kibali kilihitaji siku, kwa hiyo nilikata kilemba changu, na kilitosha, kikabaki. Kabla ya sala, mzee wa msikiti alinivuta kando, mtu mpole ambaye mlango huo wa hukumu alikuwa ameusoma kwangu.

"Nani aliyesikia kilio?"

"Mkunga."

"Yule Mektilda?"

"Chumbani hapakuwa na mwingine."

Alinitazama usoni. Nilingoja anikumbushe nilichomfundisha. Akarudi, akainyoosha safu, akasimama nyuma yangu, na tukamsalia mwanangu takbira nne kwa jina la Salimu.

Paskali alipata dizeli siku ya tatu. Arusha walimng'oa Sabaha meno matatu na kulipasua taya kwa nje kutoa usaha. Alikaa kule siku kumi na moja, akarudi amekonda, na kovu chini ya sikio ambalo alilificha kwa ushungi mpaka mwisho wa umri wake. Mimba nyingine hakuipata. Hatukupata kujua sababu, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Baada ya Idi nilikaa tena mbele ya pazia. Nilisema kwamba jibu nililolitoa katika Rajabu lilikuwa kosa, na kosa lilikuwa langu. Nikasema: mjamzito ambaye fizi zake zinatoa damu na apige mswaki asubuhi na usiku, kwa ulaini, asukutue, ateme, aende kwa nesi amwonyeshe kinywa bila ya kuona haya, na ikiwa mwili wake uko hatarini, funga itamngoja. Nilisema kwa urefu, kwa uangalifu, nikiweka kila sharti mahali pake. Nilipomaliza nikangoja maswali. Kisha bibi wa Mutuka akakohoa.

"Tumesikia, Mwalimu. Lakini lile la kwanza tulishalihifadhi. Lilikuwa fupi."

Miaka miwili baadaye bibi arusi mmoja wa Singe, mwenye mimba ya miezi sita, alifika kliniki akiwa na shavu kama la Sabaha. Nesi alipomuuliza kwa nini aliacha mswaki, alimjibu kwa sentensi yangu, neno kwa neno.

Nesi Mektilda mwenyewe alikuwa amekwisha kubadili kazi yake. Chini ya kila kadi alipiga mstari kwa rula, akaandika kwa mkono neno "Kinywa," na kila mama aliyepanda mzani alipelekwa baadaye mlangoni, akaketi kwenye kile kiti kifupi, akafungua mdomo. Foleni ikarefuka. Wanawake walinung'unika, wengine walimwita nesi wa meno, naye akawaambia afadhali aitwe hivyo kuliko mchimba makaburi. Nilimwuliza siku moja kama inasaidia. Chumvi ilikuwa imeanza kurudi madukani; dawa bado, gari bado.

"Wengine inawasaidia," alisema. "Nawaambia wapige mswaki, wanapiga, damu inakoma. Wengine nawaona wameshachelewa, na sina cha kuwapa." Alikuwa akikifuta kioo kwa upindo wa gauni. "Zamani nilikuwa siwezi kwa sababu sioni. Sasa naona."

Alistaafu, akarudi kwao Daudi. Sikupata kumwuliza lile ambalo msomaji angetaka nimwulize. Nafasi zilikuwepo. Tuliwahi kukaa benchi moja kwenye msiba wa mtu, saa nzima, tukazungumza bei ya mbaazi.

Ziko dakika chache nimeziruka, na ni kwa ajili ya dakika hizo nimeandika haya, sasa ambapo Sabaha ametangulia mbele ya haki na mwenye kustahili kuyasikia kwangu hayupo tena.

Ilikuwa siku ileile, jioni, nimekwisha kuupokea ushahidi. Nesi alinikaribisha ndani. Sabaha alikuwa amelala ubavu, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, midomo imekauka na kupasuka. Alikuwa ameambiwa kwamba mtoto alilia. Alikuwa ameambiwa pia kwamba yeye mwenyewe hakuweza kusikia, kwa kuwa katika saa ile homa ilimpoteza. Aliinua mkono, akaishika kanzu yangu kifuani. Kinywa kilifunguka upana wa kidole tu, na ilimchukua muda kulipitisha swali pale.

"Ulikuwa dirishani," alisema. "Ulimsikia?"

Nyuma yangu Nesi Mektilda aliacha kuosha beseni.

Kupitia kioo kilichovunjika jua lilikuwa bado liko juu ya miti, kama saa moja kabla ya magharibi, na mimi nilikuwa nimefunga.

"Nilimsikia," nilisema.

Nesi akaendelea kuosha.